Gari la Kidawa

Wifi yangu Kidawa ana gari linaloongea.
Kila asubuhi, kule Tabata Kimanga, akiwasha tu
linatamka sentensi moja ya Kijapani
kwa sauti ya binti mwenye adabu,
na Kidawa, asiyefunzwa kumnyima mtu jibu,
husema, "Ahsante, mwanangu,"
kisha hurudi nyuma kwa kukisia,
maana kamera inaonyesha giza tangu masika.

Taa ya njano ilipowaka kwenye dashibodi
fundi wa Gerezani alichomeka kompyuta, akaguna,
akataja bei ya sensa:
ada ya muhula mzima ya Hemedi.
Wakabandika utepe mweusi juu ya taa.
Gari likapona.

Ndiyo maana, hapa karakanani Keko,
nimeshika kifutio kuliko penseli.
Skrini nimefuta. Kiti cha kupasha moto nimefuta:
nani, Dar hii, mwezi wa pili,
aliwahi kuomba makalio yapashwe?
Redio pia, nikaifuta bila kufikiri.
Vioo ni vya kuzungusha kwa mkono,
watoto watagombania zamu.
Tumbo la gari nimeliinua shibiri mbili
kwa ajili ya Jangwani, maji yakikumbuka njia yao.
Boneti ikifunguka, mkono wa mtu mzima upite,
plagi zionekane kama mafiga.
Viti vya turubai. Samaki wa Feri wakivuja,
ndoo moja, brashi, basi.

Bwana Ndembo akagonga meza kwa kalamu.
"Mteja wa leo anataka kujivuna kidogo, Mwanaidi.
Hili ni sanduku."
Ni sanduku, kweli.
Sanduku ambalo bei yake
haimpeleki mtu kwenye mikopo ya kausha damu.

Jioni nikampelekea Kidawa mchoro.
Akaugeuza, akaugeuza tena,
akapima kwa vidole nafasi ya godoro,
akacheka alipoona vishikio vya vioo.
Halafu akauliza:
"Na hili, litanisemesha?"

Nikasema hapana, wifi, hili linakwenda tu.

Akaukunja mchoro taratibu, akanirudishia.
Tangu tumzike kaka yangu
sikuwahi kujiuliza
asubuhi, watoto wakiwa bado usingizini,
nani humsalimia.

Usiku huu nimechora redio.
Kitufe kimoja, kikubwa,
upande wa mkono wake wa kushoto.
Itaongeza elfu arobaini kwenye bei.
Bwana Ndembo bado hajaiona.