Uzito wa Karatasi

Mji wetu unaitwa Mito Mitatu, na mto ni mmoja tu:
visiwa viwili vimeupasua mdomoni
kabla haujamwagika katika mto mkubwa zaidi.
Hata jina letu ni hesabu ya uongo.
Tumezoea.

Nilipanda mashine ya kubomolea saa moja asubuhi, Novemba,
theluji ya kwanza ikidondoka kama chumvi ya bahili.
Msimamizi akanyoosha kidole: anzia pale, ghala la magogo.
Sikumwambia kwamba baba yangu, Ovila Gélinas,
aliacha mle ndani vidole viwili,
miaka thelathini na minne,
na sikio la kushoto lote.

Magogo yalikuja yenyewe, kwa miguu ya maji,
kutoka misitu ya kaskazini ambako hatukuwahi kufika.
Kiangazi kizima mto haukuonekana,
ulivaa mbao ukingo kwa ukingo.
Watoto tulikatazwa kuyakanyaga. Tukayakanyaga.
Rosaire wa kina Lacerte alikanyaga moja, likageuka.
Ilirudi kofia.

Ndani, mti ulisagwa, ukachemshwa, ukawa uji,
uji ukamwagwa juu ya wavu unaokimbia,
ukakamuliwa, ukakaushwa, ukaviringwa:
shuka moja lisilo na mwisho, na hakuna aliyelilalia.
Mashine Namba Tano waliiita Bibi Mnene.
Alikuwa na hasira za usiku.
Shuka likikatika, wanaume kumi walirukia mvuke
kulishika kabla halijawafunga,
na baba akirudi nyumbani alisema idadi tu:
"Mara nne." "Mara sita."
Mama alijua kiasi cha kunyamaza.

Kulinuka mayai viza na kabichi ya juzi.
Wageni walifunga vioo vya gari.
Wakubwa walijenga kilimani, upande upepo unakotoka,
wakasema Kiingereza na mbwa wao na sisi.
Mama yangu, Fleurette, alianua nguo, akazinusa, akacheka:
"Siku isiyonuka ndiyo ya kuogopa."
Mwaka wa mgomo tulikaa miezi saba bila harufu.
Hewa ikawa safi kama sufuria tupu.

Karatasi ilipakiwa melini ikaenda kwa wenye magazeti,
ikachapwa vita vya watu, harusi za watu,
bei ya ngano, matokeo ya mpira.
Mali bila daftari hupotea bila habari, sawa,
lakini daftari lenyewe tulilitengeneza sisi!
Nani aliandika lolote humo kutuhusu?

Barua ya kufunga ilikuja siku ya Jumanne.
Baba hakuisoma.
Aliisugua kwa dole gumba na kidole kilichobaki,
akachana pembe, akaisikiliza kwa sikio la kulia.
"Si yetu," akasema. "Nzito mno. Imetoka ng'ambo."
Ndipo akampa mama amsomee.

Hayo ni ya zamani. Baba yuko makaburini,
na mimi nilikuwa na kazi ya kulipwa kwa saa.
Kufikia saa tatu nilishafika ukuta wa Bibi Mnene.
Yeye aliuzwa zamani, vipande vipande;
lilibaki kabati la umeme, nikaling'oa,
na nyuma yake chokaa nyeupe, na penseli:
safu za vijiti, tarehe, herufi za majina.
Mkesha wa Krismasi, O.G., 9.

Mara tisa.
Usiku ule alirudi akasema mbili.
Tulikula, tukaimba, akakata nyama yeye mwenyewe.

Nikazima injini, nikapapasa mifuko:
sigara, funguo, kitambaa.
Mwana wa karatasi, sina hata kipande cha karatasi.
Msimamizi akapiga honi kule getini.
Nikaandika kwa kidole kwenye ukungu wa kioo:
O.G., 9.
Halafu nikavuta mkono wa mashine, ukuta ukakaa chini
taratibu, kama mtu aliyechoka kusimama.

Baridi ilinizidi, nikawasha hita.
Saa nne tulikunywa kahawa.