Alama za Kunukuu

Ruwi, Agosti, mwaka wa tisini

Kazi yangu ilikuwa wembe na nta.
Nilikata safu za maandishi, nikazibandika ukurasani,
nikazinyoosha kwa rula kama watu wa swala.
Habari haikunihusu. Upana wake ulinihusu.

Siku ya kwanza Bwana Muhenna aliandika "tukio".
Siku ya pili, "tukio la kusikitisha".
Ya tatu akafunga mlango, akapiga simu, akatoka
na "uvamizi" kwa penseli,
hafifu, tayari kufutwa.

Kisha ikaja ramani ya jirani.
Kuwait haimo. Palipokuwa na nchi
pana mkoa, wa kumi na tisa,
na maelezo chini yake: tawi limerudi kwenye shina.
"Tuyachape," alisema Muhenna, "wasomaji wajue kinachodaiwa.
Lakini kila neno lao litiwe alama za kunukuu.
Mkoa, alama. Tawi, alama. Limerudi, alama.
Hata 'kwenye', Sulaiyim, usiiache uchi."

Nikaishiwa.
Karatasi ya alama ilikadiriwa mwaka mzima,
mwaka ambao hakuna aliyetarajiwa kusema mengi.
Saa nne usiku nachokonoa magazeti ya zamani:
mbili nimezitoa kwenye tangazo la mchele,
nne kwenye hotuba ya kufungua shule,
moja, peke yake, kwenye tanzia.
Kila moja niliinua kwa ncha ya wembe,
nikailaza kando ya neno
kama anayeshika kaa la moto kwa koleo:
si langu hili, nalihamisha tu.

Kuriakose, mchora ramani, alikuwa na shida nyingine.
"Mstari hauna mdomo," alisema. "Utaunukuu vipi?"
Akauchora mpaka. Akaurudia kwa kalamu nene.
Mara ya tatu wino ukavuja
na Kuwait ikawa na ukuta.
Dada yake alikuwa muuguzi Salmiya. Simu haikuita.

Teleksi ya mwisho ya Mish'al, mwandishi wetu wa kule,
ilibaki ukutani:
NGOJENI NATU
Natuma? Natumai?
Hakuna aliyethubutu kuimalizia.

Nyumbani shangazi Thuwaiba alitandika gazeti chini ya sinia.
Mafuta ya samaki yakaingia Basra, yakashuka.
Alisoma kwa Kiarabu chake cha ukubwani,
kidole neno kwa neno,
akiviruka vijialama vyangu kama mtu apitaye penye vigae.
Halafu akauliza kwa Kiswahili, lugha ya maswali ya nyumba ile:
"Shina gani hili linaloondoka usiku
kulifuata tawi kwa vifaru?"
Alijua anachosema. Nyumba yao ya Wete
iliandikwa jina jingine asubuhi moja,
kwa chokaa, bila alama yoyote.

Wiki hiyo hiyo mke wangu akakuta kitu
kwenye mkono wa kanzu yangu, cheusi, kimepinda,
hakikutoka kwa sabuni.
"Kope ya nani hii?"
Nikasema si kope, ni ya neno.
Akaisogeza karibu na taa. Hakuniamini.

Nami nilikwisha kuwa sakafuni, gazeti limefunguliwa,
napapasa safu moja baada ya nyingine
nikilitafuta lile lililotoka uchi.