Tambi za Chumvi

Kiyoyozi kinakoroma, nje Al Khodh inatoka jasho,
nami namenya kamba wa soko la Sib,
nusu kilo, riali mbili na baisa mia tatu.
Maganda nayatia sufuria ndogo: supu haitupwi.

Mama yuko mlangoni, miwani juu ya mtandio.
"Tambi?" anauliza. "Na maziwa? Na kamba?"
Kwake tambi ni za sukari, iliki na zabibu,
za asubuhi ya Idi. Basi.

Namwambia hili ni pishi la Krioli,
kanifunza Odeti, muuguzi mwenzangu wa zamu ya usiku.
Kwao Luiziana, mtoni,
nao, kama sisi, ukiwauliza asili yao
kwanza wanacheka.

Kitunguu, pilipili boga, thomu.
Selari sikupata, nimekata mabua ya kotmiri,
Odeti anisamehe.
Pilipili ya unga inanipiga chafya tatu,
krimu inaingia nyeupe, inatoka rangi ya boga bivu,
na kamba wanajikunja
kama vidole vya mtoto usingizini.

Mama anaonja kwa ncha ya kijiko.
Hasemi.
Anafungua kabati lake, anatoa ndimu kavu,
anaitoboa kwa uma, anaitumbukiza
bila hata kunitazama.

Saa tatu usiku sahani yake imetakata.
"Hazina ukoko," analalamika,
na huku anakwangua sufuria,
kru, kru,
mpaka jirani wa juu anagonga sakafu.