Mdomo wa Kukodi

Ngazi za ofisi ya wakili, hapa Mtwara,
zina vidato kumi na saba. Nilivihesabu
kwa kuwa miguu ilikuwa inatafuta sababu ya kugeuka.
Chini, duka la misumari na rangi.
Juu, kibao: Tekla Mrope, Wakili.
Nimetoka Kitangari na basi la alfajiri,
pesa nimezifunga kwenye pindo la kanga
kama alivyofunga mama.

Nilimkuta anakula muhogo. Hakuuficha.
Akanisogezea kiti, akanisogezea na kipande.

"Kosa gani?"
Nikalitaja kama nilivyolisikia kwa karani,
zima zima, bila kulitafuna:
uhujumu uchumi.
Kaka yangu Ismaili Chinguile,
mpima mizani wa ghala la ushirika,
mtu anayekopa chumvi,
amehujumu uchumi.
Tani arobaini na moja za korosho
zimo kwenye daftari, hazimo kwenye magunia.

"Shitaka hili halina dhamana. Ulijue hilo kwanza,
usije ukauza mbuzi."
Mbuzi nilishauza.

Akauliza: funguo za ghala zilikuwa ngapi?
Sikujua.
Miezi miwili nimelia, nimefunga, nimekwenda kwa shehe,
hakuna aliyeniuliza idadi ya funguo.
Hapo ndipo nilipoelewa ninanunua nini.

Maana mahakamani kaka hakuruhusiwa hata kusema "si kweli".
Hakimu alisoma, kisha akasema:
hutakiwi kujibu chochote, mahakama hii haina mamlaka.
Ismaili, ambaye hata msibani hanyamazi,
akasimama kama gunia lililokwisha kushonwa.
Nimekuja kukodi mdomo, basi.
Mdomo una bei.

Bei aliiandika kwenye karatasi, akaigeuza inielekee.
Hakuitamka. Nilishukuru.
Nikafungua pindo. Noti zilinuka salfa.

"Hizi umezitoa wapi?"

Mikorosho ya mama, nikasema,
miti thelathini, mavuno ya msimu ujao,
nimeyauza yangali maua.

"Kwa nani?"

Kwa Nandonde.
Kwa bakuli, si kwa kilo. Kangomba.
Neno lilishatoka nilipoona kalamu yake imesimama.
Hati ya mashtaka, ukurasa wa pili, inasema
Ismaili alipitisha mizanini korosho za kangomba,
na Kitangari nzima inajua
korosho hizo zina baba mmoja.

Bi Tekla akavua miwani, akaifuta,
ingawa haikuwa na vumbi.
"Somoe, mimi sikuuliza. Na wewe hukujibu."
Akazitazama zile noti
kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani:
anauma, haumi?
Akachukua nusu.
Nusu akairudisha penye pindo, akalifunga mwenyewe,
fundo gumu, la mtu aliyelelewa shamba.
"Kakomboe miti kumi na mitano kabla kipupwe hakijaisha.
Iliyobaki utanilipa kidogo kidogo.
Kumtoa sikuahidi. Nakuahidi nitauliza habari za funguo."

Stakabadhi ninayo. Ina mhuri.
Hadi leo sijui ile nusu aliyoichukua
ilikuwa safi kuliko hii aliyoniachia.

Alhamisi tukaambiwa tena:
upelelezi haujakamilika, siku kumi na nne.
Bi Tekla akainuka.
"Mheshimiwa, hii ni mara ya sita."
Sentensi moja. Akakaa.
Lakini Ismaili aligeuza shingo
kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali.

Wakimrudisha kwenye gari, Lilungu, alipita karibu yangu.
Hakuuliza kesi. Aliuliza:
"Mikorosho ya mama mmeipulizia dawa?"

Nina mdomo wangu mwenyewe, wa bure,
haudai ada wala stakabadhi.
Haukufunguka.