Panapolowa Sipo Panapovuja

Siku ya tatu ya mvua, Bukavu imeficha milima yake,
nikakanyaga breki pale Nyawera
na kiatu changu kikanywa maji.
Si tone. Kikombe kizima, baridi,
kutoka chini ya kapeti ya Carina ya kijivu
niliyoinunua kwa deni ambalo bado lina meno.

Kwanza nilimlaumu mwanangu Asifiwe na chupa yake ya shule.
Kisha aliyeniuzia, mtu wa Uvira, mpole mno.
Kisha harufu ikaja, ya gunia la mihogo lililosahauliwa,
na kila alfajiri vioo vilitoka jasho kabla yangu.

Fundi wa kwanza hakuuliza kitu.
Alikuja na tyubu ya silikoni
akakipaka kioo cha mbele pande zote
kama mtoto anayepakwa mafuta siku ya ubatizo.
Dola kumi na tano.
Mvua ilicheka jioni hiyo hiyo.

Wa pili ni Zihindula wa Kadutu,
mfupi, ovaroli lake lina vifungo vitatu visivyofanana.
Aliomba unga.
Unga?
“Wa muhogo, mama. Kikombe kimoja. Hata wenye wadudu.”

Aling’oa kiti, akakunja kapeti,
sifongo la chini tukalikamua mara nne, tukihesabu.
Akakausha bati kwa shati kuukuu
kisha akanyunyiza unga kwenye kila mshono,
pembeni mwa mlango, chini ya dashibodi,
mpaka ndani pakafanana na jiko la msiba
ambako watu mia wanangoja bugali.

“Ingia. Funga. Shika tochi, na usiseme.”
Yeye akabaki nje na bido la lita ishirini
na kopo la nyanya,
akaanza kumwagia chini.
Chini! Nilitaka kumgongea kioo:
baba, mvua hutoka juu.
Kizingiti. Unga mkavu.
Bawaba. Mkavu.
Mlango wote, polepole, kopo kwa kopo,
kama anayetafuta kidonda kwenye mwili wa aliyelala
asitake kumwamsha.
Mkavu. Mkavu.
Mguu wangu ukafa ganzi.

Alipofika chini ya waipa
unga ulipata mstari.
Mwembamba, wa kijivu, ukatambaa
nyuma ya redio, ukashika waya mwekundu,
ukateremka nao kama mtu anayejua nyumba,
ukatua pale pale kisigino changu kinapokaa.
Nikapiga kelele kana kwamba nimeona nyoka.

Akafungua boneti.
Majani ya mparachichi, miezi na miezi yake,
yameshikana kuwa udongo;
kizibo cha bia; mche mdogo wenye majani mawili,
umeota humo, kijani bila aibu.
“Maji yalikuwa na mlango wao,” akasema,
akisokota waya wa kuanikia nguo kwenye kitundu
kisichozidi kidole cha mwisho.
“Umepaki chini ya mti, mti umeufunga.
Yakaomba njia kwingine. Hayana kosa.”
Kitundu kikakohoa. Kisha chini ya gari
maji yakadondoka mfululizo, meusi, yamechelewa.
Penye waya kupita, mpira ulikuwa umechanika;
akakata kiraka kwenye tyubu ya baiskeli.
Dola nane. Na unga wangu.

Nikiteremka Nguba niliwaza dari la jikoni,
lile baka ambalo kila Krismasi
nalipaka rangi papo hapo lilipo.

Usiku mvua ikarudi, ya kweli, ya mabati.
Nilitoka na kitenge kichwani, nikaingia garini,
nikavua kandambili, nikakanyaga.
Kavu.
Nikakaa gizani, injini imelala,
nikiyasikiliza yanatoka kwa mlango wao.

Mche upo dirishani, ndani ya kopo la nyanya.
Na hadi leo, nikiwasha feni,
Asifiwe anafika shule na nyusi nyeupe.