Farasi Anasimama

Nilimwendesha miaka minane, Bi Mehitable Crane,
mimi mbele na hatamu, yeye nyuma na mkoba wa kijani,
tukikata vilima vya Vermont mwezi wa Februari,
baridi ikiuma masikio kama mbwa aliyekatika kamba.
Hakujaliwa sauti. Kikohozi kilimkatiza katikati ya sentensi,
alikisubiri kipite, kisha akaendelea pale pale:
"Chuo. Cha wasichana. Si cha kushona."

Kitabu chake cha hesabu ninacho mimi.
Mjane Tuttle: senti kumi na mbili, na jozi ya soksi.
Kwa Pettibone: gunia la viazi, robo limeoza.
Mchungaji Lathrop: maombi.
Hapo ameweka sifuri, akaipigia mstari mara mbili.

Daktari mmoja wa Brattleboro, kitambi kikimtangulia mlangoni,
alimwambia jiometri hukausha kizazi,
damu hupanda kichwani ikasahau njia ya kushuka.
Bibi akamuuliza ana watoto wangapi.
Hana.
"Basi wewe jiometri uliisoma sana."
Dola tano tulipewa na mkewe, kupitia mlango wa jikoni.

Nami nilimcheka, siwezi kuficha.
Msichana na Kigiriki, nilisema, ni kama ng'ombe na miwani.
Hakunijibu. Alinisogezea upande wa blanketi
ambao haukuwa umelowa.

Chuo kikasimama: matofali mekundu, madirisha arobaini na moja.
Siku ya ufunguzi wazee kumi na wawili wa bodi
walikaa jukwaani na ndevu zao, wakatia sahihi;
sheria ilitaka mkono wa mwanamume.
Yeye alikuwa jikoni, unga hadi viwikoni,
maana mpishi hakutokea
na wasichana themanini hawashibi hotuba.
Nilimwona akipitisha kidole kwenye unga uliotanda mezani,
akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi,
kisha akatupia donge juu yake, akakanda.

Alikufa Machi. Kikohozi kile kile
kilimkatiza, na safari hii hakikupita.

Binti yangu Lovina yuko huko, mwaka wa pili.
Barua zake zina maneno nisiyoyafahamu;
huyaeleza pembeni kwa penseli, bila kunicheka.
Anasema paa la bweni linavuja,
wanalala na ndoo katikati ya vitanda.

Jana nilipeleka kuni Newfane, peke yangu.
Farasi akasimama kwa mjane Tuttle.
Nikamchapa. Akaenda, akasimama kwa Pettibone.
Akasimama hata kwa daktari, upande wa jikoni,
masikio mbele, akingojea mtu ashuke.
Nilikaa pale kitini muda mrefu.
Kisha nikashuka mimi, kofia mkononi,
nikabisha,
na mlango ulipofunguliwa sikujua pa kuanzia.
Nikakohoa kwanza.