Tandiko la Ukili

Vitanda nimetandika Mkomani miaka thelathini na mitatu.
Vya maharusi. Asumini nimwage, kilua nipachike,
udi niufukize uvunguni
mpaka shuka zenyewe zione haya.
Hakuna aliyewahi kuniita kwa ajili ya nyoka.

Ijumaa akaja Swabra, binti wa kaka yangu,
sanduku la kioo kifuani, kibali mfukoni,
muhuri wa serikali bado wabichi.
"Ndoo uone, shangazi."
Sikwenda. Nilisimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi,
kana kwamba nyoka huogopa mwiko.

Kahawia. Mwembamba. Si chatu, si swila,
nyoka wa nyumba tu, wa kula panya,
amejisokota kama ukili kabla haujashonwa mkeka.
Jina akalipatia hapo hapo, kinywani mwangu,
na ukishakipa kitu jina
ushakipa na haki ya kulala.

Nikasema: la matandiko niachieni mimi.

Nikaanza kwa kosa, kama wajuao wote.
Sufi, nilikuwa nimebakiza kifuko cha mito.
Swabra akacheka: atazimeza nyuzi pamoja na panya, zimfunge tumbo.
Mchanga wa Shela, basi, mweupe vile?
Una chumvi, shangazi.
Nikenda kwa Fundi Bunu, mchonga milango,
nikarudi na gunia la maranda
yananukia hata jirani akauliza nani anaolewa.
Hapo nikajua nimeshinda.

"Yanayonukia ndiyo mabaya," akasema.
"Harufu ile kwake ni moshi.
Pafu lake la kazi ni moja, na humo ndani hana dirisha."

Usiku ule sikupata usingizi.
Miaka thelathini na mitatu nafukiza vyumba,
sijamwuliza bibi harusi hata mmoja
kama anaweza kuvuta pumzi.
Mmoja alikohoa, Mwanasiti, namkumbuka.
Nilimwambia bibi harusi hakohoi.

Asubuhi nikakusanya makumbi ya nazi za wiki nzima,
nikayaloweka, nikayaponda, nikayachambua kwa kucha,
nikayasuuza mara tatu kwa maji ya mvua,
nikayaanika juani siku mbili.
Nikanusa. Hayakunukia chochote.
Kwa mara ya kwanza nikafurahia pua tupu.

Chini gazeti. Juu makumbi, kina cha vidole vitatu,
apate kujifukia akichoka kutazamwa.
Kifuu kimoja, kimetobolewa mlango.
Upande huu taa ya joto, upande ule kivuli,
achague mwenyewe,
jambo ambalo wengi wetu hatukupewa.
Bakuli la maji zito, asilipindue.
Na kifuniko kiwe na komeo:
penye upenyo wa kidole, yeye huona barabara.

Panya mmoja kila siku kumi, mfu, wa barafu,
ayeyushwe kwa maji vuguvugu.
Si katika sufuria yangu. Hilo tuligombana hadi magharibi.
Akishakula asiguswe siku mbili.
Choo kikionekana, kitolewe siku ile ile
na makumbi yaliyokizunguka,
usingoje harufu ikukumbushe.

Wiki iliyopita macho yalimgeuka maziwa.
Nilidhani anakufa, nikasoma nilichokijua.
Swabra akanyunyiza maji kidogo pembeni, akasema tumwache.
Alfajiri gamba lilikuwa juu ya makumbi, zima,
kama buibui lililovuliwa mlangoni na mtu aliyefika kwao.
Ukili mwenyewe yumo kifuuni, anang'aa.
Nilimgusa kwa kidole kimoja. Mkavu. Baridi kidogo.
Mwiko niliusahau jikoni.

Jana wamekuja watu wa Langoni, wana harusi Mfungo Saba.
Wametaja asumini, wametaja udi, bei hawakutaja.
Nimewaambia nitakuja,
ila nitangulie kukaa na binti, sisi wawili tu,
nimwulize dirisha analipenda wazi
au limefungwa.